Mshika Mkia wa Kichinjioni

Watu huniuliza nilikuwaje mtu wa Isiolo. Hunisalimia salaam aleikum ingawa sijawahi kusilimu, hunialika harusini, hunipa kiti msibani, na mpangaji mpya akija kwenye ploti yetu pale Bulla Pesa huletwa kwangu kwanza ili nimwonyeshe choo na nimwambie jirani yupi hachezewi. Wanadhani ni miaka tu. Ati ukikaa sana mahali, mahali hapo patakuzoea. Upuuzi mtupu. Panya wamekaa kwenye ploti hii kuliko mimi na bado wanarushiwa viatu. Mimi niliingia mji huu kwa fimbo, asubuhi moja, na kabla sijamaliza nitasema ni nani niliyempiga.

Nilitoka Ngaremara, kijiji chetu Waturkana nje ya Isiolo, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Baba alikuwa ameshauawa. Wezi wa mifugo walikuja alfajiri na bunduki, wakampiga risasi mlangoni mwa boma akiwa bado ameshika kibuyu cha maziwa, wakaondoka na ng'ombe wote. Mbuzi walituachia, nadhani kwa dharau, kisha ugonjwa wa mapafu ukaingia ukawamaliza mbuzi. Mama akajenga kibanda kando ya barabara, akaanza kuchoma makaa na wanawake wengine waliofilisika kama yeye. Dada yangu alikuwa mdogo. Mimi nilikuwa mwanamume wa miaka ishirini na kitu asiye na hata mkia wa mbuzi wa kufuata, basi nikashika barabara nikatembea hadi mjini.

Kazi niliyopata ni ya kichinjioni, nje kidogo ya mji, karibu na laga. Unajua laga, ule mto wetu wa mchanga usio na maji. Tulikuwa wanne. Mwenye kisu alikuwa mzee mmoja wa Kisomali ambaye baba yake aliletwa huku na Waingereza akiwa askari, akapewa mahali pa kukaa, akazaa, akazikwa hapa. Mzee huyo alikuwa mtu wa swala tano, mpole, mwenye ndevu zilizotiwa hina, na katika miaka yote sikuwahi kumwona akipiga mnyama. Wa pili alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akimwita abti, yaani mjomba. Huyo ndiye aliyeshika kamba, na ndiye aliyekuwa na mdomo. Wa tatu alikuwa Mborana mchunaji, mtu wa makamo, hodari wa kuvua ngozi bila kuitoboa. Wa nne mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuangusha, kulalia na kubeba. Niliwashika ng'ombe kwa pembe nikawapinda shingo hadi wakaanguka, nikawalalia mbavuni wakirusha mateke, na jioni mwili wangu wote ulikuwa na michubuko ya kwato. Nilipigwa teke la goti ambalo hadi leo linanitangazia mvua. Nilibeba vichwa vinavyodondoka damu shingoni mwangu, nikamwaga samadi ya matumbo, nikafukuza mbwa kwa mawe. Hayo yote niliruhusiwa. Kisu sikuruhusiwa kukigusa. Hata nikitaka kukata kipande cha kamba, ilibidi niombe.

Halafu kulikuwa na kikombe. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa, na vikombe vya bati vilikaa kwenye sinia moja, vimeoshwa vikang'aa. Changu hakikuwa kwenye sinia. Kilining'inia nje, kwenye msumari wa nguzo ya ua, kikila vumbi. Siku ya kwanza mpwa alinionyesha.

"Chako ni kile," alisema. "Nyinyi mnakula mizoga."

Hakusema uongo. Tulikula. Ng'ombe wako wa mwisho akifa kwa kiu, unamwachia nani? Lakini namna alivyolisema lile neno, mizoga, mori ulinipanda. Wiki ya pili nilikuwa na kiu kali, nikachukua kikombe cha kwenye sinia bila kufikiri. Alinipiga ngumi kikiwa bado mdomoni. Ukingo wa bati ulinipasua mdomo, na mimi nikaokota mguu wa ng'ombe uliokuwa chini, pamoja na kwato yake, nikamtandika nao bega. Tulibiringishana kwenye damu ya ng'ombe hadi haikujulikana ipi ni yetu. Mzee alikuja akatumwagia ndoo ya maji kama mbwa, kisha akatutuma sote wawili kuosha matumbo, kimya kimya, bega kwa bega. Kikombe changu hakikuondoka msumarini.

Pamoja na hayo yote kulikuwa na jambo moja nililokuwa nalo ambalo hawakuweza kuninyang'anya. Kwa Waislamu, mnyama akishachinjwa hachunwi hadi uhai umtoke kabisa. Mzee alikuwa mkali sana kwa hilo. Sasa ni nani anajua uhai umetoka lini? Jicho hudanganya. Mguu huweza kurusha hata baada. Mimi nimekulia mifugoni, na mkono wangu unajua. Nilishika mkia pale karibu na shina, mahali ambapo kuna mtetemo mdogo sana, na nilikaa nao hadi ukatoweka. Mzee huuliza, "Vipi?" Nami husema, "Bado." Kisu cha mchunaji husubiri. "Vipi?" "Bado." Halafu, "Tayari." Hakuna aliyewahi kunibishia. Mborana alijaribu kuwahi mara moja na ng'ombe akashtuka, toka siku hiyo akawa anatazama mdomo wangu kwanza. Mturkana mla mizoga, wa kikombe cha msumarini, lakini kwa habari ya uhai na kufa neno langu ndilo lililokuwa la mwisho. Nililitunza neno hilo kuliko nilivyotunza mwili wangu.

Mwaka wa pili mzee alikuwa anamwoza binti yake. Akanunua dume la ng'ombe kutoka Oldonyiro, jeusi, kubwa, lililoletwa kwa miguu siku nyingi na ambalo sidhani kama lilikuwa limewahi kufungwa kamba maishani. Lilifika macho mekundu. Asubuhi ya siku ya kuchinja walikuja watu wengi kuliko kawaida, jamaa wa bwana harusi, wenye bucha, watu wa mji tu waliotaka kusifia nyama. Mzee alikuwa amevaa kanzu safi. Nilimwambia mpwa kamba moja haitoshi. Akaniambia nishike pembe niache kufundisha.

Kamba ilikatika nikiwa nimeshika pembe moja. Nilirushwa ukutani. Nilipoinua kichwa dume lilikuwa limeshampata mzee, limemchoma pajani na kumbandika kwenye nguzo, na lilikuwa likirudi nyuma kumchoma tena. Watu walikimbia. Mpwa naye alikimbia, nasema hivyo kwa sababu nilimwona, akaruka ua. Kile kisu kirefu cha Mborana kilikuwa chini. Sikukumbuka katazo la mtu. Nilikichukua, nikaingia chini ya bega la kushoto la dume, nikachoma nyuma ya mguu wa mbele, pale ambapo kwetu tunachoma mkuki, na nikasukuma kwa kifua changu chote hadi mpini ukazama. Likapiga magoti. Likaanguka ubavu, karibu limlalie mzee.

Mzee alikuwa anavuja damu kanzu nzima. Mtu mwingine angelilia mguu wake. Yeye alijivuta kwa viwiko, kisu chake mkononi, hadi shingoni mwa dume.

"Geuza kichwa," aliniambia. "Kibla. Haraka, kama bado ana roho."

Mnyama aliyejeruhiwa, ukimwahi bado yu hai ukamchinja, nyama yake ni halali. Akishakufa kabla ya kisu, basi ni kibudu, hakiliwi. Nililijua hilo kama wao. Niligeuza kichwa. Mkono wangu mwingine, bila mimi kuutuma, ulikwenda kwenye shina la mkia kama ilivyokuwa kila siku. Mzee alisema bismillahi yake, akapitisha kisu. Damu haikuruka. Ilimwagika polepole, nzito. Chini ya vidole vyangu hapakuwa na kitu. Mzee akanitazama, nadhani alitaka kuniuliza kama siku zote, lakini macho yakapinduka, akazirai.

Walimpakia kwenye pikapu wakampeleka hospitali. Waliobaki wakatuzunguka. Mpwa akarudi, amechanika suruali kwa ule ua.

"Wewe ulikuwa hapo," aliniambia. "Abti alipokata, hii ng'ombe ilikuwa na uhai ama haikuwa?"

Watu wote walinitazama, na haki ya nani, katika miaka miwili hiyo ilikuwa mara ya kwanza mji wa Isiolo kunitazama usoni. Kila mtu pale alitaka niseme ndiyo. Ningesema ndiyo ningekuwa mtu aliyemwokoa mzee na aliyeokoa harusi yake, na ningebebwa. Nilijua hilo wazi kabisa. Mdomo ukafunguka nao ukasema ulichozoea kusema.

"Ilikuwa imekwisha," nikasema. "Kisu kimekuta tayari."

Sijutii neno hilo. Nimejutia mengine.

Ngumi ya kwanza ilitoka nyuma, sikumwona mwenyewe. Halafu nikawa chini. Walinipiga kwa kamba ile ile iliyokatika, kwa viatu, mtu mmoja kwa karai la damu. Jino langu moja lilibaki pale. Niliyemsikia zaidi ni mpwa, alikuwa anapiga na kusema, anapiga na kusema, ati mimi nimeua ng'ombe wa harusi kimakusudi na sasa ninaita nyama mzoga ili watu wa Ngaremara waje kuibeba. "Wanakula mizoga hawa. Amewapikia karamu." Wengine wakashika neno hilo. Mborana alinilalia kwa mwili wake mpana akapigwa viboko viwili vilivyokuwa vyangu. Alikuwa akinirudia sikioni neno lao, obsi, obsi, yaani vumilia. Wakachoka. Wakakaa pembeni wakihema, dume limelala katikati, nzi wameanza.

Na kweli, wanawake walikuja. Wakati huo sikujua nani aliyepeleka habari, nilidhani dereva wa lori, kwani Ngaremara si mbali. Ilikuwa imekaribia adhuhuri nilipowaona wakivuka laga, kumi au zaidi, na magunia na makarai vichwani, ushanga shingoni, vumbi hadi magotini. Walikuwa wamesikia kuna ng'ombe mzima Waislamu hawamtaki. Walikuwa wamekula mahindi ya msaada miezi na miezi, na mahindi yenyewe yalikuwa na funza. Mbele yao alikuwa mama yangu. Alitabasamu aliponiona. Alidhani ni mimi niliyewaitia, na aliona fahari.

Mpwa alicheka. Alinyoosha mkono tu kuwaonyesha wale wanaume, kama mtu aliyeshinda kesi.

Hapo ndipo. Nimejaribu miaka yote kulieleza hili kwa namna ambayo nitatoka vizuri, na haipo. Nilikuwa nimepigwa kwa kusema kweli, na mama yangu na gunia lake walikuwa wanakuja kuifanya kweli yangu kuwa uongo. Niliona kikombe changu kimening'inia pale nguzoni. Niliokota fimbo ya kuswagia ng'ombe nikawaendea.

"Rudini," nikawaambia kwa Kiturkana. "Hakuna nyama hapa."

"Si hiyo hapo," mama alisema. "Mwanangu, umefanywa nini usoni?"

Nikampiga aliyekuwa karibu naye, mgongoni. Nikampiga mwingine, karai likaruka likabingirika hadi kwenye mchanga. Walipiga kelele wakarudi nyuma, wote isipokuwa mama. Yeye aliendelea kuja, mkono wa kulia umeinuliwa kunigusa uso uliovimba. Fimbo ikashuka kwenye mkono huo. Nimevunja mifupa mingi ya wanyama, naijua sauti yake. Mama hakulia. Alishika kifundo kwa mkono mwingine, akanitazama, akageuka. Wanawake wakamzunguka wakaondoka naye kule walikotoka, na gunia lake tupu nililiona mgongoni mwake hadi walipovuka laga.

Kisha nilikwenda mwenyewe kuleta mafuta ya taa. Nililimwagia lile dume na kuni za ua, nikawasha. Lilichukua hadi jioni. Harufu ya nyama choma ilitanda, na wanaume wale waliketi nami wakilitazama. Hakuna aliyenipiga tena. Mmoja alinipa sigara.

Keshoye saa nne nilikwenda nguzoni kuchukua kikombe changu, hakikuwepo. Mborana alikuwa ameshanimiminia chai kwenye kikombe cha sinia. Mpwa alisogea kwenye benchi akaniachia nafasi. "Kunywa, itapoa," alisema. Nikanywa. Mdomo ulikuwa na vidonda, chai ilinichoma, na nilijisikia mtu. Nasema ukweli wa Mungu, nilijisikia mtu.

Harusi ilifanyika kwa mbuzi. Nilialikwa, nikala sinia moja na akina mpwa, na kuanzia siku hiyo nikiwa sokoni kuna mtu aliyeniita kwa jina.

Mzee alirudi baada ya miezi miwili, anatembea kwa mkongojo. Aliniona nikinywa chai kwenye sinia na wenzangu, akatabasamu kidogo. Baadaye akaniita pembeni, kivulini mwa ukuta.

"Nimesikia ulisema lilikuwa limekufa," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ulisema kweli. Hata mimi kisu kilipoingia nilijua. Harusi ya mwanangu, nikataka lisiwe hivyo." Alitazama majivu yaliyokuwa bado pale. "Na nyama ilikwenda wapi?"

"Tuliichoma."

"Mliichoma." Alinigeukia. "Kwa nini? Kwetu ni haramu, sawa. Lakini si kuna watu wanaokula? Nililala kule hospitali nikijua angalau mama yako na wale wanawake wa makaa wamepata kitu. Nilikuwa nimetuma neno. Nilipozinduka njiani nilimwambia dereva wa pikapu apite Ngaremara awaambie waje wachukue."

Alikuwa amewaita yeye. Akiwa amechanika paja, kabla hajafikishwa kwa daktari, mtu yule alifikiria njaa ya mama yangu, na mimi, mtoto wake wa kumzaa, nilisimama mlangoni na fimbo.

Nilimweleza nilichofanya. Ilibidi. Hakunikemea, laiti angenikemea. Alimtuma mpwa alete mbuzi jike mwenye maziwa, akanikabidhi kamba yake, akasema nimpelekee mama na salamu zake. Nilitembea hadi Ngaremara na mbuzi yule. Mama alikuwa nje ya kibanda akipepeta makaa. Kifundo kilikuwa kimeunga vibaya, mkono umepinda kwa nje. Alinisalimia, ejok, kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono huo wa kushoto akapokea kamba. Aliuliza mzee anaendeleaje. Aliuliza kama jino linaniuma. Neno la fimbo halikutoka kinywani mwake, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Niliendelea kukaa mjini. Nilipata chumba cha pili, nikaoa, nikazaa. Mzee alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, na mpwa ndiye aliyenipa sururu. Mama alianza kuja kututembelea siku za soko, na mke wangu alimpokea vizuri sana, akimtandikia mkeka, akiteremsha vile vikombe vyetu vya maua vya wageni. Mama alishukuru. Kisha alifungua kifurushi chake akatoa kikombe cha bati, kikuukuu, akakiweka mbele yake kimiminiwe chai. Akimaliza alikiosha mwenyewe kwa ule mkono uliopinda, akakikausha kwa nguo, akakirudisha kifurushini. Kila mara. Mke wangu alidhani ni mila ya kwetu, nami nikamwacha adhani hivyo.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini, mara ya mwisho alipokuja, binti yangu mkubwa alikuwa ameanza kuwa na maswali. Akamuuliza kwa nini anabeba kikombe wakati vikombe vipo vingi.

"Baba yako ni mtu wa mjini," mama alimjibu, akimpapasa kichwa. "Hajui leo nimekula nini."

Nilikuwa nimekaa pale pale, kikombe cha maua mkononi, chai imejaa mdomoni.